Shindano Lisilosoma

Wenzangu mnaoshika kalamu, leo nina ugomvi na neno moja: shindano. Gazeti likipungukiwa wasomaji, hutangaza shindano. Jaza kuponi, tuma, ngoja. Mshindi anapata fulana. Jamani, kashinda nini hapo? Hiyo ni bahati nasibu tu, hata ukiipa jina zuri.

Nitoe mfano wa mbali kidogo, ila unatuhusu. Mwaka 1983, katika mji mdogo wa Ludlow, Uingereza, Roger Kean na wale ndugu wawili, Oliver na Franco Frey, walianzisha kampuni ya Newsfield. Februari 1984 wakatoa gazeti la Crash, la wenye kompyuta ya nyumbani ZX Spectrum. Mwaka 1985 likafuata Zzap!64, la wenye Commodore 64. Wasomaji wao wengi walikuwa vijana wa shule.

Mashindano yalijaa humo. Zawadi zenyewe mara nyingi zilitoka kwa makampuni yaleyale yaliyouza michezo ya kompyuta. Mtoto ananunua stempu, anajibu maswali, anatuma postikadi. Kampuni inapata tangazo. Piga hesabu mwenyewe: nani kashinda?

Sasa funua kurasa nyingine. Humohumo Crash, msomaji aliyekesha akichora ramani ya mchezo, chumba kwa chumba, aliweza kuipeleka, na ikichapwa wenzake wanapata njia. Na wahakiki je? Wengi walikuwa vijana wa palepale Ludlow, wengine bado wanasoma shule. Mchezo mmoja ulipewa watu watatu, na maoni yao yakachapwa pamoja hata yakipingana. Huyu anasifu, yule anaponda, msomaji anaamua.

Hilo ndilo shindano, bwana! Kijana anatoa hoja, jirani yake anaipinga palepale, mbele ya watu. Hapo mtu anajifunza kuandika.

Mtaniambia gazeti haliishi kwa hewa, kuponi huleta wanunuzi. Sawa. Lakini kuponi hazikuiokoa Newsfield. Ilifilisika mwaka 1991. Mimi leo nikikutana na nakala ya Crash, sitafuti nani alipata fulana. Nasoma zile hoja tatu.

Kwa nini nina uchungu? Niliwahi kupeleka hadithi kwenye shindano la gazeti moja, sitalitaja. Kurasa 12, kwa mkono. Nikangoja miezi. Ikatoka orodha ya washindi, basi. Hadithi yangu haikurudi, na mpaka leo sijui kama kuna mtu aliyefika ukurasa wa pili. Kushindwa kunavumilika. Kutosomwa je?

Kwa hiyo nadai, na wahariri wa gazeti hili wamo. Majaji watajwe kwa majina. Sababu zao zichapwe, hata kama wamegombana. Aliyeshindwa arudishiwe kazi yake pamoja na mistari miwili ya ukweli. Hiyo haihitaji mfadhili, inahitaji mtu wa kukaa chini na kusoma.

Nasi tuache kukimbilia zawadi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: kazi ya mwenzako uisome mpaka mwisho, kisha umwambie usoni ulichoona.

Ukiona nimekosea, usinitumie kuponi. Niandikie hoja.