Miaka 25 bila Mgr Kataliko: misa peke yake haitoshi

Leo Jumamosi, tarehe 4 mwezi wa kumi 2025, imetimia miaka 25 tangu Mgr Emmanuel Kataliko, askofu mkuu wa Bukavu, alipofariki Roma akiwa na umri wa miaka 68. Alikuwa amerudi kwenye kiti chake siku ishirini tu mbele ya kifo hicho, kisha kufukuzwa na waasi kwa miezi saba. Bukavu iliyompokea kwa shangwe ilimzika kwa machozi ndani ya kipindi kifupi sana.

Wako watakaomwombea leo na kesho, Bukavu, Butembo na kwingine. Ni vema. Lakini wasomaji wetu wanajua swali linalorudi kila juma katika Mashariki ya inchi yetu. Wengine wanauliza: mbona maaskofu wananyamaza? Wengine wanajibu: hapana, maaskofu wanasema mno, warudi sakristia. Sisi tunaona kwamba maisha ya Kataliko yanajibu pande zote mbili, na jibu lake linatuhusu sisi wote, hata tusiokuwa Wakatoliki.

Tuanze Butembo, maana wengi wa Bukavu wanamjua Kataliko wa miaka mitatu ya mwisho tu. Alizaliwa mwaka 1932 katika inchi ya Wanande, Kivu ya Kaskazini. Alipewa upadri mwaka 1958. Mwaka 1966 alifanywa askofu wa Butembo-Beni, akiwa na miaka karibu 34 peke yake. Inchi ilikuwa inatoka tu katika uasi wa Simba, na vidonda vilikuwa vibichi. Alikaa pale zaidi ya miaka thelathini, karibu utawala wote wa Mobutu.

Wazee wa Lubero na Beni wanakumbuka miaka ile. Serkali ilikuwa Kinshasa, kilometa elfu na zaidi, na mara nyingi haikuonekana vijijini ila siku ya kutoza kodi. Barabara zilikuwa zinakufa. Viazi, maharagwe na kahawa vilikuwa vinaoza njiani. Mwanamke mwenye mimba alibebwa kwenye kipoyi saa nyingi mbele ya kufikia mganga. Askofu hakungoja. Aliita wakristu kwa mashirika yao ya mtaa, wakashika majembe na pauni, wakafungua njia na kuzitengeneza. Aliita pia wafanyabiashara, akawaambia kwamba mali inayokaa kwenye sanduku haisaidii hata mwenyewe. Hospitali, masomo na vituo vya afya vikafuata.

Mwaka 1989 akaanzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, UCG, pale Butembo. Mbele ya hapo, mtoto wa mkulima wa Butembo aliyetaka kuwa daktari au mwanasheria alipaswa kwenda Kisangani, Lubumbashi au Kinshasa, na wazazi wengi hawakuwa na njia ya kumlipia safari tu. Leo madaktari, mawakili na waagronomu waliotoka UCG wanatumika katika kila pembe ya Mashariki, na wengine mbali zaidi. Hii ndiyo sababu mtu wa Butembo akitaja jina la Kataliko hasemi kwanza juu ya siasa. Anasema juu ya barabara.

Tunalitaja jambo hili kwa makusudi. Siku Kataliko alipofungua kinywa mbele ya watu wa bunduki, watu walimsikiliza kwa sababu walikuwa wamekwisha kuona mikono yake. Neno lake lilikuwa na miaka thelathini ya kazi nyuma yake.

Tarehe 29 mwezi wa kumi 1996, mtangulizi wake Mgr Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu, pale Nyawera, mji ulipokuwa unaangukia mikononi mwa AFDL na askari wa Rwanda. Kiti kilikaa bure miezi kadhaa. Mwezi wa tatu 1997, Roma ikamtaja Kataliko. Alikuwa na miaka karibu 65. Angeweza kubaki Butembo, nyumbani, katikati ya watu waliomheshimu kama baba. Akakubali kwenda kukaa kwenye kiti chenye damu, katika mji ambao haukuwa wa kabila lake.

Mwezi wa nane 1998 vita ikaanza tena. RCD, kwa msaada wa jeshi la Rwanda, ikatawala Bukavu. Mwezi uleule, watu wengi waliuawa Kasika, wakiwemo padri na masista wa parokia, pamoja na mwami na watu wa nyumba yake. Mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 1999, ikawa zamu ya Makobola. Migodi ilikuwa inachimbwa, ndege zilikuwa zinaondoka na mali, na raia alikuwa anatozwa kodi na kila mwenye silaha.

Ni katika hali hiyo Mgr Kataliko aliandika barua yake ya Noeli ya mwaka 1999. Alichukua maneno ya nabii Isaya juu ya kufariji taifa. Alisema wazi kwamba mataifa ya kigeni, yakisaidiwa na ndugu zetu wenyewe wa Congo, yanaendesha vita kwa mali ya inchi yetu, na kwamba faida inakwenda kwa wachache wakati raia anabaki na njaa na kaburi. Lakini ndani ya barua ileile alikataa njia ya silaha. Aliwaambia wakristu kwamba uhuru wao utapatikana kwa uvumilivu, kwa sala na kwa kukubali kuteseka kwa ajili ya haki, bila chuki. Leo wengi wanakumbuka nusu ya kwanza ya barua hiyo. Nusu ya pili wanaisahau, au wanajifanya wameisahau.

Watawala walimshitaki kwamba anachochea watu. Tarehe 12 mwezi wa pili 2000 walimkatalia kuishi Bukavu, wakamhamishia Butembo. Labda walifikiri kwamba mtu akirudishwa kwao atanyamaza, na mji utamsahau.

Bukavu haikusahau. Ibada na masomo vilisimama kwa siku kadhaa. Mamama, wanafunzi, mapadri na mashirika ya raia walimdai askofu wao, mwezi kwa mwezi, bila kushika bunduki. Na hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Aliyekuwa anadaiwa ni Munande. Waliokuwa wanamdai ni Washi, Warega, Wahavu, Wafuliiru, Wabembe na wengine wote wakaaji wa mji. Hakuna aliyesema: huyu si wetu, wacha abaki kwao. Tukilinganisha na yale tunayosoma leo kwenye simu zetu, ambapo mtu anauliza kwanza jina la kabila mbele ya kuuliza kama jirani yake amekula, tutaona haya.

Tarehe 14 mwezi wa tisa 2000, siku ya kutukuka kwa Msalaba, akarudi. Waliokuwepo hawajasahau umati ule. Kisha akaenda Roma kwa mkutano wa maaskofu wa Afrika na Madagascar, na huko ndiko moyo wake uliposimama. Mengi yamesemwa juu ya kifo kile, na yangali yanasemwa. Gazeti hili halitarudilia uvumi. Inatosha kusema kwamba miezi saba ya kufukuzwa haikumwongezea afya mtu wa umri ule.

Sasa tuje kwetu. Mwezi wa kwanza mwaka huu Goma iliangukia mikononi mwa AFC/M23, na mwezi wa pili ikawa zamu ya Bukavu. Miaka 25 imepita, na wakaaji wa mji ule wanaona tena utawala ambao hawakuuchagua, benki zimefungwa, familia zimegawanyika. Kule Beni, Lubero na Ituri, ADF wanaua wakulima mashambani na waumini kanisani, kama ilivyokuwa Komanda mwezi wa saba. Maaskofu wa CENCO pamoja na wachungaji wa ECC wamependekeza mapatano ya amani na ya kuishi vema pamoja. Wamekwenda kumwona Rais Tshisekedi, wamekwenda pia Goma kuongea na M23. Kwa kufanya hivyo wametukanwa na pande zote.

Sisi tunasema: wasichoke kuongea na wote. Lakini Kataliko aliacha kipimo, na ni halali kuwapima nacho. Neno la mchungaji linapaswa kutaja mambo yote kwa majina yake. Jeshi la kigeni likiingia, litajwe. Mkongomani anayelifungulia mlango, atajwe. Askari wa serkali anayetoza raia kwenye kizuizi, atajwe. Mzalendo anayeua jirani yake kwa sababu ya sura ya uso, naye atajwe. Mchungaji anayeona dhambi upande mmoja tu anakuwa msemaji wa upande mwingine, na watu wanalijua hilo haraka.

Kwa wenye silaha, wa upande wowote, tuna neno moja. Mwaka 1996 askofu aliuawa, na mwaka 2000 askofu alifukuzwa. Walioamuru mambo hayo leo hawakumbukwi kwa wema na mtu yeyote, na utawala wao umepita. Anayefikiri atapata utulivu kwa kumziba kinywa padri, mchungaji, imamu au mwandishi wa habari, asome historia ya mji wa Bukavu.

Tunajua kuna wanaotupinga juu ya jambo la barabara. Wanasema kwamba Kanisa likitengeneza njia, likajenga hospitali na chuo, serkali inapata nafasi ya kulala, na viongozi wanakula franga za barabara bila haya. Hoja hiyo ina ukweli. Tumeona viongozi wakija kukata utepe kwenye kazi ambayo hawakuitolea hata mfuko wa simenti. Lakini tumuulize mama wa Lubero ambaye mtoto wake ana homa usiku wa leo, kama angependa kungoja mpaka Kinshasa iamke. Kataliko alishika jembe na kudai hesabu pia. Aliyefanya salongo ana haki kubwa zaidi ya kuuliza kodi yake imekwenda wapi.

Kwa hiyo tunawaomba wakristu na wakaaji wote jambo dogo. Kila shirika la mtaa, Bukavu, Uvira, Goma, Butembo na vijijini, lichague kazi moja inayoweza kumalizika mbele ya Noeli. Liwe daraja la miti lililovunjika, au bati la darasa lililobebwa na upepo, au karo ya mtoto wa wakimbizi waliopokelewa katika avenue ileile. Kazi hizo hazihitaji ruhusa ya kundi lolote la silaha, wala msaada wa kutoka Ulaya. Na katika kazi hiyo, aalikwe jirani wa kabila jingine, kwanza yule ambaye tumeacha kumsalimu tangu vita irudi.

Tunaongeza ombi moja kwa vijana wanaoweka picha ya Mgr Kataliko kwenye simu zao na kuandika chini yake maneno ya kisasi. Wasome barua yake ya Noeli mpaka mwisho. Mtu yule alifukuzwa na watu wa bunduki, na bado hakuomba hata mara moja kwamba tuwajibu kwa bunduki. Kumtumia kwa chuki ni kumfukuza mara ya pili.

Misa za leo zikiisha, watu watatoka kanisani na kurudi nyumbani kwa njia zilezile zenye mashimo. Ni pale njiani ndipo itaonekana kama Bukavu na Butembo wangali wanamkumbuka baba yao.