Upweke na Majivuno Yetu

Wapo miongoni mwetu wanaoshikilia kwamba upweke ni maradhi ya Wazungu. Hudai kuwa Mwafrika huzaliwa katika ukoo, hulelewa na kijiji na huzikwa na umati. Basi upweke ataupatia wapi? Hoja hii husemwa kwa fahari mikutanoni, na watoto wetu huinakili katika insha zao. Sisi twaiona kuwa ni majivuno matupu, tena yenye madhara.

Na tuitazame filamu moja ya Marekani, Lars and the Real Girl, iliyotolewa mwaka 2007. Iliongozwa na Craig Gillespie, na hadithi yake iliandikwa na Nancy Oliver. Lars ni kijana mpole anayeishi peke yake katika gereji, ilhali kaka yake na shemeji yake wamo katika nyumba ya wazazi iliyo kando yake. Hata kuguswa na mtu humuumiza. Siku moja anaagiza kwa intaneti mwanasesere wa kimo cha mwanamke, anampa jina la Bianca, na kumtambulisha kuwa mchumba wake.

Mtazamaji mwepesi atacheka na kusema, "Tazameni walikofikia!" Lakini uzito wa hadithi hii umo katika wenyeji wa mji ule mdogo. Daktari anawashauri wasimpinge Lars, nao wanakubali. Kanisani Bianca anapokewa. Hospitalini anapewa kazi ya kujitolea. Hata katika halmashauri ya shule anachaguliwa. Bianca "anapougua", kina mama wanafika na chakula na kazi zao za kufuma, wakaketi na Lars, kwani penye msiba watu huja wakakaa. Nani kati yetu asiyeitambua desturi hiyo? Ni matanga yetu yenyewe, yamekaliwa penye theluji.

Watapinga wengine kwamba mji mzima ulishiriki uongo. La hasha! Ulishiriki huzuni ya mtu mmoja, na mwishowe Lars mwenyewe akamzika Bianca na kurudi kwa walio hai.

Basi undugu haumo katika damu wala rangi. Ni kazi, na asiyeifanya hanao. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa katika nchi maskini watu wapatao 24 katika kila 100 huona upweke, na katika nchi tajiri wapatao 11. Yu wapi sasa anayesema maradhi haya ni ya Wazungu?

Tusiende mbali kutafuta ushahidi. Yuko bibi kijijini anayetumiwa fedha kwa simu, lakini mjukuu hamwoni. Yuko mfiwa aliyechangiwa vizuri, na siku ya tatu nyumba yake i tupu. Yuko mwanafunzi mgeni bwenini, amezungukwa na mamia ya wenziwe, wala hapana amwitaye kwa jina.

Kwa hiyo twawataka walimu waache kuwakaririsha vijana sifa za ujamaa wa mababu. Wawaulize badala yake: ni nani darasani humu ambaye hakuna aliyemjulia hali wiki hii? Kisha wawatume wakamjulie hali. Taifa lisiloweza kujibu swali hilo halina haki ya kumcheka Lars.