Umelipa Dawa Inyooshe Nywele. Pasi Inanyoosha Nini Tena?

Niko na swali kwa kila msichana mwenye nywele za dawa. Umeketi kwa kiti cha saluni, dawa imekuwasha kichwa mpaka ukaanza kukunja vidole vya miguu, ukavumilia. Zimeoshwa, zimelala chini tii. Umelipa. Sasa mbona dakika kumi baadaye unapigwa blodrai ya moto wa juu kabisa, halafu juu ya blodrai pasi? Hiyo pasi inanyoosha nini, na nywele zimeshanyooka?

Msimamo wangu ni huu, na najua kuna watu watanuna: kama nywele zako ni za dawa, kuzikausha kwa hewa ndiyo iwe kawaida yako, na moto uwe wa siku maalum. Sisi tumegeuza. Moto ndio kawaida, halafu hewa ni ile siku stima zimepotea.

Wacha nieleze kwa nini, na sitaleta zile stori za "shosho alisema".

Nywele ni protini inaitwa keratini. Ndani yake kuna vifungo vya salfa, na hivyo ndivyo vinashikilia umbo la nywele zetu, ile mikunjo tunazaliwa nayo. Pia ndivyo vinazipa nguvu. Kazi ya dawa ni kuvunja vifungo hivyo. Iwe ni ile kali ya sodiamu haidroksaidi, au ile ya boksi unachanganya mwenyewe nyumbani ukiambiwa ni ya upole, kazi ni hiyo hiyo. Ndiyo maana ukiosha nywele wiki ijayo hazirudi kuwa kipilipili. Kwa hivyo nywele za dawa zimenyooka kwa sababu zimepunguzwa nguvu. Hilo si tusi, mimi mwenyewe natia dawa. Ndivyo dawa inafanya kazi tu.

Kuna vifungo vingine vidogo, vya haidrojeni. Hivi vinaachia nywele zikilowa na kushikana tena zikikauka. Rola zinategemea hapo: unakunja nywele zikiwa na maji, zinakaukia kwa hilo umbo, zinabaki nalo. Hiyo inamaanisha unaweza kuzipa nywele zako umbo kwa maji na muda peke yake. Na kwa nywele ambazo dawa imeshalaza, kazi iliyobaki ni kidogo sana.

Sasa tuje kwa moto. Pasi nyingi za nywele zinafika nyuzi joto 200 na kupita, zingine hadi 230. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa Mombasa, na hapa Nairobi kwa vile tuko juu, huchemka mapema, kama nyuzi 94 hivi. Fikiria nywele ambazo hazijakauka sawasawa zikibanwa katikati ya hizo chuma mbili. Ile sauti ya "chsss" na ule moshi kidogo, msusi anakwambia ni mafuta. Mara nyingine ni maji yaliyokuwa ndani ya nywele yakichemka. Mvuke ukikosa njia ya kutoka, unaacha mapovu ndani ya unywele. Wataalamu wa ngozi na nywele wanaijua hii hali vizuri, na unywele wenye mapovu hukatika hapo hapo penye povu. Zile nywele fupi fupi zinabaki kwa sinki ukichana? Sasa unajua zingine zimetoka wapi.

Lakini wacha niwe fea. Wale wa upande wa moto wana hoja moja nzuri, na ni ya utafiti. Mwaka 2011 watafiti wa Korea Kusini walilinganisha nywele zilizokaushwa kwa hewa na zilizokaushwa kwa blodraya kwa umbali tofauti. Waliona kwamba kadiri joto lilivyopanda, ndivyo uso wa nywele ulivyozidi kuharibika. Hiyo hatushangai. Lakini zile za hewa nazo ziliharibika kitu fulani ndani, ile kama gundi inayoshikanisha seli za unywele, kwa sababu zilikaa na maji muda mrefu. Zilizofanya vizuri zaidi ni zile za blodraya iliyoshikwa sentimita 15 kutoka kwa nywele, ikisogezwa sogezwa, joto likiwa karibu nyuzi 47.

Watu wanasoma hapo tu wanasema, "Si uliona? Blodrai iko sawa!" Pole pole. Nyuzi 47! Nani kwa mtaa wetu amewahi kupigwa blodrai ya nyuzi 47? Blodraya yetu imefungwa kichana mbele. Kichana kinaingia ndani ya nywele, umbali ni sufuri, swichi iko kwa namba ya mwisho, na mkono wa msusi unavuta mpaka shingo inafuata. Hiyo si ile blodrai ya watafiti. Hao ni watu wawili tofauti wenye jina moja.

Kwa hivyo mimi nachukua mambo mawili kwa huo utafiti. Moja, moto wa chini kwa umbali mzuri si adui. Mbili, kukausha kwa hewa hakumaanishi utembee na nywele zinadondosha maji kutoka asubuhi mpaka saa kumi, ama ulale nazo zikiwa mbichi. Ukitoka kuosha, kamua maji na tisheti kuukuu ya pamba, usisugue na taulo kama unaosha sufuria. Paka kondishona ile haioshwi. Chana na kichana cha meno mapana ukianzia kwa ncha ukipanda juu, maana nywele zikilowa huvutika na kukatika rahisi. Gawanya mafungu manne, piga rola kubwa ama suka matuta mawili makubwa, wacha zikauke. Kama haraka imekushika, malizia na blodraya ya baridi ama ya moto wa chini, bila kichana. Usiku, skafu ya satini.

Hata draya ile ya kuketi chini yake ukiwa na rola mimi sina shida nayo sana. Ni moto, ndiyo, lakini haugusi nywele na hakuna mtu anazivuta.

Najua mtaniambia, "Sisi tuko Nairobi, Julai hakuna jua, nywele hazikauki." Basi osha Jumamosi asubuhi, si Jumapili usiku saa nne ukijua kesho kuna klasi. Na watu wa Pwani, nyinyi mna unyevu wa hewa ambao unafanya nywele mpya za chini zifure hata ukipiga pasi. Utapiga pasi asubuhi, ukifika feri zimeshafura. Sasa hiyo stima uliyochoma ni ya nini?

Lakini ukiniuliza kwa nini watu hawaachi moto, sidhani ni kukosa maarifa. Ni vitu viwili vingine.

Cha kwanza ni muda wa saluni. Dada anayekutengeneza mara nyingi analipwa kwa kichwa. Blodrai ni dakika ishirini, rola ni saa nzima na zaidi, na Jumamosi kuna watu sita kwa benchi wanangoja. Ukiwa ni yeye ungechagua nini? Si mtu mbaya, anatafuta kodi. Ndiyo maana mimi nasema tuwe tayari kulipa muda wake. Kama rola inachukua muda mara tatu ya blodrai, usitake bei ya blodrai. Na wewe msusi, ukiambiwa "punguza moto", usijibu "kwani unaniona sijui kazi?" Mteja ambaye nywele zimekatika zote hana cha kukuletea mwezi ujao.

Cha pili ni macho ya watu. Nywele za dawa zilizokauka kwa hewa hazilali kama karatasi. Ziko na ujazo, zina mawimbi kidogo. Mimi naona zinapendeza sana. Lakini kuna watu wakiziona wanasema hujatengeneza nywele. Rafiki yangu alienda atachimenti ofisi fulani hapa tauni, siku ya tatu akaambiwa "ujipange na hizo nywele". Nywele zilikuwa safi, zimefungwa nyuma. Ati ajipange. Basi akawa anaamka saa kumi na moja kila asubuhi kupiga pasi, miezi mitatu, kwa kazi ambayo hakuwa analipwa hata nauli. Alipomaliza, nywele za utosini zilikuwa zimefika urefu wa kidole kidogo. Sasa anavaa wigi, na si kwa kupenda.

Hapo ndipo hii mada inaacha kuwa ya urembo. Huyo msichana alichoma nywele zake ili mtu mwingine asisumbuke kuzitazama. Na wengi wetu tulitoka shule za kunyolewa, tukamaliza Form Four tukakimbilia dawa kama zawadi, sasa tunaambiwa hata dawa haitoshi. Lazima na pasi juu. Hiyo laini ya "nadhifu" inasogezwa mbele kila siku, na bili inakuja kwa kichwa chako.

Halafu mtu anakwambia, "Nywele zangu hazikui." Zinakua. Nywele hukua karibu sentimita moja na robo hivi kwa mwezi, yaani kama 15 kwa mwaka. Kama umetia dawa miaka mitatu na bado zinaishia kwa shingo, hizo zingine zimekatika njiani. Na mahali zinakatika sana ni pale nywele mpya zinakutana na zile za dawa, ndipo pasi inabana zaidi ili "zilingane". Wengine wakiona hivyo wanakimbilia retachi kabla wiki nane kuisha, na dawa inapakwa hadi kwa nywele zilizokuwa nayo tayari. Hapo umeongeza petroli.

Ombi langu ni dogo. Kutoka retachi hii mpaka ijayo, weka pasi juu ya kabati. Wiki nane tu, kumi ukiweza. Ukienda saluni sema mapema, kabla hujaketi: "Niseti na rola" ama "Moto wa chini, na usinipige pasi." Usiseme kwa sauti ya kuomba msamaha, ni pesa yako. Kama kuna harusi ama grajuesheni na unataka zilale kabisa, piga pasi siku hiyo, nywele zikiwa zimekauka kabisa, kila fungu mara moja, na dawa ya kuzikinga na moto uwe umepaka kwanza. Kesho yake pasi irudi kabatini.

Na kama wewe ndiye bosi, ama ndiye mama wa kanisa unayependa kurekebisha wasichana kwa mlango, safi ni safi. Nywele zilizooshwa na kufungwa vizuri zimeshajipanga.

Haya, wapenzi wa blodrai, najua mko hapo. Uwanja ni wenu. Ila mkija, mje na picha ya ncha.