Kilio cha Wayahudi si fimbo ya serikali

Wandugu, chuki juu ya Wayahudi iko kweli. Tarehe 27 mwezi wa 10, 2018, huko Pittsburgh, Marekani, muntu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi akaua watu 11 wenye walikuja kusali.

Lakini mwezi wa 4, 2025, serikali ya Trump ilizuia zaidi ya dola miliari 2 za Chuo Kikuu cha Harvard, eti inalinda Wayahudi. Wanafunzi Wayahudi walitukanwa pale, ndiyo, chuo chenyewe kilikubali. Sasa pesa ya kuchunguza magonjwa inaingilia wapi? Na mkuu wa Harvard, Alan Garber, yeye mwenyewe ni Myahudi! Mwezi wa 9 jaji wa Boston alisema wazi ile sababu ilikuwa kifuniko tu.

Nani analipa? Si Trump. Mwenye kupoteza kazi anaambiwa ni ju ya Wayahudi, na hasira inawaangukia wao. Makundi makubwa ya Wayahudi wa Marekani yaliliona mapema: mwezi ule ule wa 4 waliandika kama usalama wao hautenganishwi na demokrasia. Na siku bunduki itarudi mulangoni, wakilia, watu watasema: aah, siasa tena.

Sisi wenye vijana wetu wamefungwa kwa jina la «usalama wa inchi», tunajua shitaka lenye kutumwa kazi ingine. Kwa hiyo, mukiongelea Gaza ao Harvard, museme «serikali ya Trump», «serikali ya Israeli». Musiseme «Wayahudi».