Kazi ya nyumbani ya Fizikia: simu inatoa jibu, mtihani unataka njia

Tangu ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika sekondari za serikali Tanzania ilipofutwa mwaka 2016, wanafunzi wameongezeka, lakini walimu wa Fizikia na Hisabati bado ni wachache. Mtoto akikwama jioni, msaada wa karibu ni simu ya mzazi: anapiga picha swali, jibu linakuja. Lakini simu haiingii kwenye chumba cha mtihani, na huko hatua za kukokotoa nazo zina alama.

Tunavyoona sisi, wengi hukwama kabla ya kukokotoa. Shule ya msingi ya serikali husomesha kwa Kiswahili; sekondari swali huja kwa Kiingereza.

Chukua mfano huu: jiwe limeachiwa kutoka juu ya mti, limefika chini baada ya sekunde 2. Limeanguka umbali gani? Neno "limeachiwa" ndilo ufunguo: mwendo wa mwanzo ni sifuri. Kila sekunde mwendo huongezeka kwa takriban mita 10 kwa sekunde, hivyo mwishoni ni 20. Wastani wa sifuri na 20 ni 10; mara sekunde 2, ni mita 20.

Mzazi, hata kama hukusoma Fizikia, muulize: swali linasema nini kwa Kiswahili? Umepewa nini? Unatafuta nini? Akishindwa la kwanza, anahitaji kamusi. Akijibu yote na bado amekwama, aiombe simu hatua inayofuata tu, kisha amalizie mwenyewe.