Moto Usipelekwe Mapangoni

Msafiri atokaye Mombasa, akiisha kugongewa muhuri pale Horohoro na kushika njia ya Tanga, hupita jirani na mapango ya chokaa ya Amboni, ambamo popo wana maskani yao, na ambamo wanadamu nao huingia, baadhi kutalii na baadhi kutambika. Tangu homa ya Marburg ilipozuka Bukoba mwaka 2023 ikaua watu 6, kisha ikazuka Biharamulo mwanzoni mwa 2025 na wote 10 waliohesabiwa kuwa wagonjwa wakafariki, wapo wasemao kwamba dawa ya popo ni moto na moshi.

Hofu yao siidharau, kwa maana ina asili ya kweli. Popo wa matunda akaaye mapangoni, ambaye wataalamu humwita Rousettus aegyptiacus, huchukua virusi vya Marburg mwilini pasipo kuugua, akavitoa kwa mate, mkojo na kinyesi. Na waliozuru pango la Kitum katika Mlima Elgon mwaka 1980 na 1987, kisha wakafa kwa homa hiyo, ni ushahidi wa kutosha.

Lakini tuyatazame yaliyojiri Kitaka, magharibi ya Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa madini waliambukizwa katika machimbo yenye popo wengi mno, na mwaka uliofuata popo hao wakaangamizwa, milango ikazibwa kwa matete na nyavu, hata asionekane hata mmoja. Mwaka 2012 maradhi yakazuka tena katika nchi ile ile. Na popo wachache waliokuwa wamerejea machimboni walipopimwa, wenye virusi walikuwa asilimia 13.3, ilhali kabla ya mauaji walikuwa asilimia 5.1 tu. Yamkini, wakubwa waliokwisha kupata kinga walipotoweka, nafasi yao ilishikwa na wageni wasio na kinga, na virusi vikapata malisho mapya. Basi aliyekusudia kuizima hatari ndiye aliyeichochea.

Tena popo ana haki juu yetu sisi watu wa pwani: maua ya mbuyu na ya msufi hufunguka usiku, naye ni katika wale wayachavushao. Wapemba, ambao popo wao wa kisiwani alikaribia kutoweka kwa kuwindwa, walimhifadhi mahali paitwapo Kidike, na leo wageni huenda kumtazama.

Kwa hiyo nawasihi wazee wa Kiomoni, yalipo mapango hayo ya Amboni, waongozaji wa wageni, na kila aingiaye mapangoni kwa ibada au kwa matembezi: asishike popo wala kinyesi chake, afunike pua na mdomo, anawe kwa sabuni atokapo, na tunda lililotafunwa na popo asilile. Maofisa wa afya wa Horohoro nao wadumu kumpima kila mwenye homa bila kuona haya. Na atakayekuja na kuni na petroli mlangoni mwa pango, azuiwe.