Safari Hupangwa Kuanzia Marejeo Yake



Ndugu wasomaji, juma hili nawaandikia tena kutoka Amukura, huku baina ya Busia na Malaba, na mazungumzo yetu ni ya bahari. Asishangae mtu. Likizo ya mwisho wa mwaka inakaribia, na wengi wa jamaa zenu walioko bara wameshaanza kuhesabu fedha za nauli. Miongoni mwao ni familia moja ya hapa kwetu: baba ni dereva wa lori, mama ana duka, watoto ni wanne, na yupo bibi yao ambaye hajapata kuyaona maji ya chumvi. Wamenuia kwenda Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Unguja, wakae huko siku tisa. Kijana wao mkubwa ana shauku ya kujifunza kuzamia kwa mtungi wa hewa. Waliniletea karatasi ya mpango wao wakaniomba niisome kabla hawajalipa chochote.

Karatasi yenyewe imeandikwa kwa uangalifu. Siku za kwenda zimeelezwa saa kwa saa: basi la Nairobi, kisha Mombasa kwa ndugu wa mama, kisha Lunga Lunga na Horohoro, Tanga, Dar es Salaam, na boti ya kuvukia Unguja. Siku za kukaa nazo zimepangwa moja moja. Lakini marejeo yamepewa mstari mmoja tu: asubuhi kijana azame mara mbili za kuagana na bahari, alasiri wote wapande ndege ya Nairobi ili bibi asichoke, na usiku uleule wachukue basi la Malaba. Katika karatasi nzima, hatari kubwa kuliko zote imo katika mstari huo.

Wahenga wetu wa pwani walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni tumbo la chombo, ambako maji yote yanayoingia hukusanyika. Baharia atatembea huku na huku, lakini mwisho atashuka ngamani, na huko ndiko atakakojua chombo chake kimevuja kiasi gani. Safari nayo ni hivyo. Makosa ya siku za kwenda na za kukaa hukusanyika katika siku ya kurudi. Kwa hiyo nasaha yangu kwa familia ile, na kwa kila msomaji anayepanga safari ya namna hii, ni kuanza kupanga kutoka mwisho.

Tuanze na mwili wa yule kijana, maana uhai haununuliwi.

Mtu anapozama baharini, maji humgandamiza. Kila mita kumi anazoshuka huongeza mgandamizo ulio sawa na ule wa hewa yote tuliyo nayo juu ya vichwa vyetu katika usawa wa bahari. Katika hewa anayoivuta kutoka mtungini, sehemu kubwa ni naitrojeni. Kwa sababu ya mgandamizo ule, naitrojeni hiyo huingia katika damu na nyama za mwili kwa wingi kuliko kawaida, na hukaa humo kimya. Akipanda polepole na kupumzika, hutoka kidogo kidogo kwa njia ya pumzi, wala haimdhuru. Akitolewa kwa ghafula mahali penye mgandamizo na kupelekwa mahali palipopungua, hutokea yale tunayoyaona tunapofungua chupa ya soda: mapovu. Mapovu ndani ya chupa ni burudani. Mapovu ndani ya viungo, uti wa mgongo au ubongo ni maradhi yanayoweza kumwacha mtu kiwete, au kumwua.

Wengi wanaojua habari hii hudhani kwamba mtu akishafika juu ya maji salama, mambo yamekwisha. La. Naitrojeni iliyobaki huendelea kutoka kwa saa nyingi. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya pwani, na kuikimbilia mapema ni sawa na kuifungua chupa mara ya pili. Ndiyo maana wazamiaji hufundishwa wasipande ndege mpaka zipite angalau saa 12 baada ya kuzama mara moja, na angalau saa 18 kwa aliyezama mara kadhaa. Ndani ya ndege kubwa hewa hupunguzwa hadi kufanana na ile ya mlima wa mita 2,400 hivi.

Sasa tazameni njia ya kurudi Amukura. Nairobi ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Basi la Malaba likitoka huko hupita Nakuru, likapanda hadi Timboroa, ambako madereva wa malori hufunga madirisha na kuvaa makoti. Timboroa ipo juu ya mita 2,700. Yaani hewa ya Timboroa ni nyepesi kuliko ile iliyomo ndani ya ndege! Kijana wetu angekuwa amezama asubuhi, amepanda ndege alasiri, na kufika Timboroa usiku wa manane: amepanda mara mbili kabla mwili wake haujapumzika hata mara moja.

Jambo hili huwaponyoka watu wenye akili timamu, na sababu yake ni nyepesi. Mwalimu wa kuzamia kule Nungwi huzama karibu kila siku, kisha hulala kandokando ya bahari. Atamwuliza mgeni habari za ndege, lakini Timboroa haimo katika ramani yake. Dereva wa Malaba anaijua Timboroa kona kwa kona, lakini hajui kuna nini ndani ya mtungi. Kila mmoja ana nusu ya elimu, na msafiri peke yake ndiye anayezipita nusu zote mbili. Basi ni juu yake aziunganishe.

Dawa yake haina gharama kubwa. Siku ya mwisho kamili, mchana na usiku wake, iachwe bila kuzama. Mimi nimewaandikia saa 24, maana tofauti ya saa chache si kitu cha kuchezea uti wa mgongo. Siku hiyo ipewe bibi. Pale Mnarani, Nungwi, lipo bwawa la asili wanamotunzwa kasa, na si mbali na hapo mafundi wangali wakiunda majahazi kwa mikono. Bibi ataona mengi bila kulowesha hata ukingo wa leso yake.

Kijana naye, kabla ya kuvaa mtungi, atapewa fomu ya maswali ya afya. Aijibu kwa ukweli. Mwenye pumu, kifafa au maradhi ya moyo asifiche kwa kuogopa kunyimwa. Aende kwanza kwa tabibu. Mwenye mafua asubiri, kwa sababu masikio yaliyoziba hupasuka kwa mgandamizo. Akiwa chini ya maji asizuie pumzi kabisa, hasa anapopanda. Na iwapo baada ya kurejea nyumbani ataumwa viungo, atahisi ganzi miguuni, kizunguzungu au uchovu usio na sababu, neno la kwanza kwa daktari liwe: nimetoka kuzama baharini. Asipolisema, huku kwetu atapimwa malaria, na muda ambao ungemwokoa utapita kwenye foleni. Ugonjwa huu hutibiwa kwa oksijeni na kwa chumba maalumu cha mgandamizo, na kila saa inayopotea ina thamani yake.

La pili ni vyeti. Sisi watu wa mpakani tumezoea kuvuka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa, maana tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kukitumia kama hati ya kusafiria. Mazoea hayo hayafiki Horohoro. Kwa Tanzania, kila mtu katika familia, hata mtoto anayebebwa, anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Tena yahitajika kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya imo miongoni mwa nchi zenye maradhi hayo. Kadi hiyo huanza kutambuliwa siku kumi baada ya kuchanjwa. Anayechanjwa wiki ya safari amechelewa. Faida yake ni kwamba kwa kanuni za afya za kimataifa, tangu 2016, chanjo moja hutosha maisha yote. Hesabuni basi kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kuvuka, nanyi mtaona kwamba safari ya Desemba inaanza mapema Novemba.

La tatu ni chombo cha kupanda. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kupita kiasi ilichoruhusiwa. Mamia walikwenda na maji. Mwenyezi Mungu awarehemu. Wapo wasomaji wa safu hii waliopoteza jamaa zao usiku ule. Siwakumbushi kwa ajili ya kuwatia hofu, bali kwa sababu wengi walioona chombo kimejaa huwa wamefungwa na haraka: tiketi imelipiwa, ndege inangoja, kazi inaanza kesho. Mwenye siku moja ya akiba anaweza kushuka na kungoja chombo kingine. Asiye nayo hupanda hivyo hivyo. Hii nayo ni fadhila ya kupanga marejeo kwanza. Na hata katika mashua ndogo ya kwenda kutazama samaki, hesabuni watu, kisha hesabuni majaketi ya kuokolea. Hesabu zikipishana, rudini ufukweni.

La nne ni fedha. Nauli ya kurudi itengwe kabla ya kitu kingine chochote, ikifuatiwa na karo ya Januari. Kinachobaki baada ya hayo mawili ndicho kiasi cha safari, hata kama kitapunguza siku tisa kuwa sita. Kukopa kwa ajili ya kuogelea ni kumpa mwenye deni furaha yako aile mwaka mzima. Kijana akitaka kozi kamili ya kuzamia, na achange kwa jasho lake. Na kama hazitoshi, miwani na paipu ya kupumulia karibu na uso wa maji humwonyesha mtu matumbawe na samaki wengi, tena bila naitrojeni ya kumwandama hadi Timboroa.

La tano ni ibada, ambayo wengi huiacha bila kuipanga. Njiani wasafiri wana ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, huyo hukatikiwa na ruhusa hiyo. Basi wakiwa Nungwi wataswali kamili, na wakishika njia ya kurudi watapunguza tena. Na wakumbuke kwamba Nungwi, pamoja na hoteli zake zote, ni mji wa Waislamu wenye misikiti na wazee wake. Nguo za ufukweni ziishie ufukweni.

Nimalizie kwenu wenyeji wa pwani, maana wageni hawa mtawapokea ninyi, awe wa kwenda Nungwi, Wasini au Watamu. Ukarimu wetu una ada moja: mgeni akikaribia kuondoka, tunataka tumtilie siku ya mwisho kila kitu ambacho hakukipata. Twampeleka baharini alfajiri, twamrudisha mbio, twamkabidhi kwa dereva akiwa bado ana chumvi masikioni. Msifanye hivyo kwa aliyezama na mtungi. Mwulizeni kwanza, bwana, nyumbani kwenu kuko juu kiasi gani, na njia yako inapita wapi? Akijibu kwamba anapita Timboroa, mpikieni, mketi naye barazani, na bahari mwiachie hadi safari nyingine, inshallah.